Majina, Istilahi na Utafutaji wa Taarifa za Uchukuzi Katika Nyanda za Kati

Limekuwa jambo la kawaida miongoni mwa watafiti wa uchukuzi nchini Tanzania kulalamika kwamba taarifa hazipatikani. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuchunguza mafuriko yanayoikata Reli ya Kati, au ajali za mabasi katika barabara ya Morogoro hadi Dodoma, aghalabu huandika katika sura ya kwanza ya tasnifu yake kwamba data ni haba, kisha hukimbilia takwimu za nchi nyingine. Makala haya yanashikilia kwamba lalamiko hilo lina ukweli kwa sehemu tu. Taarifa nyingi ziko wazi, tena bila malipo. Kinachokosekana ni njia ya kuzifikia, na njia hiyo, kwa kiasi kikubwa kuliko wahandisi wanavyodhani, ni suala la majina na istilahi.

Utazamwe mfano wa mto mmoja. Kati ya Kilosa na Gulwe reli inafuata bonde la mto ambao umeibomoa mara kwa mara, ikiwa ni pamoja na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Upande wa Gulwe mto huo huitwa Kinyasungwe. Ukifika Kilosa huitwa Mkondoa. Ukiteremka kuelekea pwani huwa ni Wami. Anayetafuta kwa jina la Mkondoa peke yake hawezi kuifikia kumbukumbu iliyohifadhiwa kwa jina la Kinyasungwe, na yumkini atahitimisha kwamba sehemu ya juu ya mto haijachunguzwa. Ilhali Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani lilikwisha kufanya uchunguzi mzima kuhusu kinga ya mafuriko katika reli hiyo, na taarifa yake ya 2016 inasomwa bure na yeyote.

Hali ni hiyo hiyo kuhusu ajali ya tarehe 24 Juni 2002, ambapo treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko ikaigonga treni ya mizigo, na watu zaidi ya 200 wakafa. Mahali pengine ajali hiyo imeandikwa kwa jina la Igandu, pengine Msagali, pengine Dodoma. Hayo si makosa, kwani kila jina ni sahihi kwa kipimo chake: stesheni ya upande huu, stesheni ya upande ule, na mkoa. Lakini ikiwa hakuna faharasa inayoyaunganisha, tukio moja kubwa hugawanyika kuwa vipande vitatu, na mtafiti mwenye kipande kimoja hajui kwamba viwili vimebaki.

Tukirudi nyuma zaidi, matatizo yanaongezeka. Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, na maandishi ya Kijerumani ya wakati huo yana tahajia zake: Mpwapwa ya leo ndiyo Mpapua ya huko. Kabla ya reli palikuwa na misafara, na hapa Kiswahili chenyewe ni chanzo cha kwanza. Mkusanyo wa Carl Velten uitwao *Safari za Wasuaheli*, uliochapishwa 1901, pamoja na maisha ya Tippu Tip yaliyoandikwa kwa Kiswahili, ni maandishi ya usafiri kabla ya kuwa maandishi ya fasihi. Humo mna njia, vituo, mizigo, wapagazi na hongo. Neno hili la mwisho linastahili kuangaliwa. Katika lugha ya misafara, hongo ilikuwa malipo ya kupita katika nchi ya watu na kupata maji yao, na Ugogo ilijulikana sana kwa malipo hayo. Msomaji wa leo anayelijua neno kwa maana ya rushwa tu, na ambaye anatafuta historia ya ushuru wa njia, atalipita bila kugeuka.

Hata dhana kuu ya taaluma yenyewe haina neno moja. Kiswahili kina usafiri, usafirishaji na uchukuzi, na kila moja lina asili yake: mtu husafiri, mtu au chombo husafirisha, mzigo huchukuliwa. Tofauti hizo zina manufaa, lakini matumizi rasmi hayakuzifuata. Wizara inayohusika imepata kuitwa ya Mawasiliano na Uchukuzi, ya Miundombinu, ya Uchukuzi, ya Ujenzi, Uchukuzi na Mawasiliano, kisha ya Ujenzi na Uchukuzi, hadi ilipogawanywa tena 2023. Anayefuatilia hotuba za bajeti za miaka 20 hana budi kuijua nasaba hiyo yote. Na istilahi mpya zinazaliwa zikiwa zimechanganyika tangu mwanzo. Mwendokasi ni kasi inayotajwa kuwa chanzo cha ajali barabarani. Ni mabasi yaliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016. Na tangu 2024 ni treni ya umeme inayofika Dodoma.

Jambo la kusikitisha ni kwamba hazina kubwa kuliko zote iko Dodoma kwenyewe, na iko kwa Kiswahili. Taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge zimejaa maswali ya wabunge kuhusu madaraja, barabara za vumbi na stesheni, pamoja na majibu ya serikali yenye urefu wa barabara na kiasi cha fedha. Kitabu cha Hali ya Uchumi wa Taifa hutolewa kila mwaka, na uchukuzi umo. Vyanzo hivi havinukuliwi sana katika tasnifu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa Kiingereza huanza na hifadhidata za Marekani ambazo orodha yake ya maneno ya msingi ni ya Kiingereza, na aliposhindwa huko huamini kwamba ameshindwa kila mahali.

Yapo mapingamizi. Baadhi ya wataalamu husema kwamba tarakimu haihitaji lugha. Hoja hiyo haina nguvu, kwa sababu kabla ya kuhesabu bodaboda lazima iamuliwe kama zinahesabiwa kuwa pikipiki au kuwa vyombo vya kukodi. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba si kila kilichofungwa kimefungwa na lugha. Ni kweli. Marekebisho ya 2018 ya Sheria ya Takwimu yaliwatia watafiti hofu hadi yalipolegezwa 2019. Hata hivyo, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba, mradi aieleze taarifa anayoitaka kiasi cha kutambulika, na asiyejua jina la kitu hawezi kukieleza.

Idara za Kiswahili zimewaachia wahandisi uwanja huu kwa muda mrefu mno. Tasnifu moja ya uzamili ingetosha kukusanya majina ya stesheni, mito na makambi kati ya Morogoro na Manyoni, pamoja na tahajia zake za Kijerumani, za Kiingereza na za Kigogo. Kazi hiyo ingeweza kuanzia Msagali, lilikotoka tawi la reli la kwenda Kongwa wakati wa mradi wa karanga wa miaka ya 1940. Reli zake ziling'olewa zamani, na wazee waliozijua stesheni zake kwa majina wanazidi kupungua.