Majibu Yarudi Kijijini

Kila mwaka vijana wetu wanaosomea kilimo na maendeleo ya jamii hutoka vyuoni kwenda vijijini kufanya utafiti wa shahada zao za pili na za tatu. Mkoa wa Songwe nao huwapokea, tena kwa heshima. Mwenyekiti wa kijiji humtafutia kijana mwenyeji. Mkulima huweka jembe chini na kukaa naye nusu siku akijibu maswali: una ekari ngapi, ulivuna magunia mangapi, mbolea ulipata wapi, mahindi ulimwuzia nani. Kisha kijana hushukuru, hufunga daftari lake na kupanda basi.

Twauliza: majibu yale huenda wapi?

Huenda Morogoro, au Dar es Salaam, au ng'ambo. Huandikwa kwa Kiingereza, yakatiwa jalada gumu na kuwekwa kabatini. Kijana hupata shahada yake, nasi twampongeza kwa moyo mweupe, kwani ni mtoto wetu. Lakini mkulima wa Mbozi au Momba aliyeyatoa majibu hayo haambiwi hata neno moja. Amelipa mara mbili: kodi yake imesaidia kujenga chuo, na siku yake ya kazi imesaidia kuandika kitabu. Hiyo si haki.

Jambo hili si geni. Mwaka 1974 kilichapishwa New York kitabu cha mwanajiografia wa Marekani, C. Gregory Knight, kilichoeleza kilimo cha Wanyiha wa Mbozi na jinsi kilivyokuwa kikibadilika. Ni kitabu cha maana, wala hatukibezi. Lakini ujuzi uliomo ni wa wakulima wa Mbozi. Leo mjukuu wao akitaka kuusoma ujuzi wa babu yake, sharti kwanza ajue Kiingereza, kisha akitafute kitabu hicho katika maktaba za mbali. Kwa mgeni twaweza kusamehe. Kwa mtoto wa nchi hatuwezi.

Wako watakaosema kwamba utafiti ni kazi ya wataalamu, na kwamba mkulima hana la kuongeza. Maneno hayo twayajua. Ndiyo yaliyokuwa maneno ya mkoloni. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma wataalamu wake wakazunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, na mpango wa karanga ukapitishwa. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kung'oa pori la Kongwa. Wagogo waliijua mvua ya kwao ilivyo haba, na udongo wao unavyokauka ukawa kama saruji. Nani aliwasikiliza? Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na mamilioni ya pauni yamekwisha kuteketea. Mwaka 1955 Waluguru nao, waliokuwa wakilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani kwao, walichoka wakaasi.

Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1984, kimekaa chini ya milima hiyo hiyo ya Uluguru. Mwanafunzi wake akiinua macho tu, fundisho lile liko mbele yake.

Na njia nyingine ipo. Wamatengo wa Mbinga wamelima miteremko mikali kwa mashimo yao yaitwayo ngoro tangu zamani, na udongo wao haukuchukuliwa na maji. Miaka ya 1990 wasomi wa Sokoine na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikwenda Umatengo kujifunza kilimo hicho. Huko mtaalamu ndiye aliyekaa darasani, na mkulima akashika chaki.

Sasa turudi Songwe. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2016, ukatengwa kutoka Mbeya, makao yake makuu yakiwa Vwawa. Una kahawa ya Mbozi, una mahindi na mpunga, una mpaka wa Tunduma unaotazamana na Nakonde ya Zambia. Kijana anayekuja kusoma kilimo hapa akiishia kupima mavuno ya ekari moja, amesoma nusu. Alifuate gunia mpaka sokoni. Aone lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba cha kamba, huku mwenye mahindi akilipwa bei ya gunia moja. Mbegu bora na mbolea vitamfaa nini mtu ambaye ziada yote ya jasho lake humezwa na kilemba? Maendeleo ya jamii yanaanzia hapo kwenye mizani.

Tena asiridhike kumwuliza mkuu wa kaya peke yake. Mara nyingi mwanamume ndiye hujibu, na mwanamke aliyepanda, akapalilia, akavuna, yuko jikoni anawapikia wageni. Utafiti usio na sauti yake una kilema.

Hatumlaumu mwanafunzi peke yake. Twajua ana fedha kidogo na muda mfupi, na walimu wake humpima kwa kitabu cha Kiingereza, si kwa kijiji. Kwa hiyo kazi hii ni ya wengi. Halmashauri za Mbozi, Momba, Ileje, Songwe na Mji wa Tunduma zinapompokea mtafiti na barua yake, zimwekee sharti: ukimaliza, lete muhtasari kwa Kiswahili, kurasa chache tu, ubaki katika ofisi ya kijiji. Vyuo navyo viihesabu safari ya kurudi kuwa sehemu ya masomo na kuitengea nauli. Na wanakijiji wenyewe wasingoje kuhurumiwa. Mkutano mkuu wa kijiji ni wao. Wamwite kijana asimame mbele yao, aseme alichokiona, aulizwe, apingwe pale alipokosea.

Mwalimu Nyerere alikuwa akimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo asiporudi, twajua jina lake.

Vijana wetu si wasaliti. Wengi wao wangependa kurudi, bali hakuna aliyewaambia kwamba wanangojwa. Leo twawaambia: Songwe inawangoja. Shahada ni zenu, majibu ni ya wananchi. Yarudisheni!