Usione Zaruka, Zimeundwa: Sifa na Maradhi ya Ndege ya F-35

Tarehe 14 Juni 2025 ndege moja ya kivita ya Uingereza, ya aina ya F-35B, iliteremka katika uwanja wa ndege wa Thiruvananthapuram, jimbo la Kerala, kusini mwa India. Ilikuwa imeruka kutoka katika manowari ya kubebea ndege iitwayo HMS Prince of Wales, na kwa sababu ya hali mbaya ya hewa ilishindwa kurejea huko. Ilidhaniwa kwamba ingejazwa mafuta na kwenda zake. Lakini ilipokaguliwa kabla ya kuondoka ilionekana kuwa na hitilafu katika mfumo wa haidroliki, yaani ule mtambo wa mafuta yenye shinikizo unaowezesha sehemu nzito za ndege kuendeshwa. Mafundi waliotoka manowarini hawakufua dafu. Ndege ikabaki uwanjani ikinyeshewa na mvua za kusi, huku askari wa India wenye silaha wakiilinda. Ilibidi kikosi cha mafundi kiletwe kutoka Uingereza, pamoja na zana zake, kwa ndege ya mizigo. Haikuruka tena mpaka tarehe 22 Julai, siku 38 baada ya kutua.

Hatukianzi kisa hiki kwa nia ya kuwacheka Waingereza, kwani hakuna jeshi lisiloharibikiwa na chombo. Tumekianza kwa sababu kila askari aliyewahi kusimama lindo usiku wa mvua atajiuliza mambo mawili: chombo chenye thamani ya dola zaidi ya milioni 100 kinawezaje kulazwa namna ile kwa hitilafu moja, na je, chombo cha namna hiyo kinastahili gharama yake? Swali hili limejadiliwa kwa zaidi ya miaka ishirini katika majeshi na mabunge ya nchi nyingi. Maoni yetu ni kwamba thamani ya ndege ya kivita haipimwi kwa kasi yake wala kwa sifa zilizomo katika vitabu vya mtengenezaji. Hupimwa kwa idadi ya ndege zilizo tayari kuruka asubuhi ile amri inapotolewa.

NDEGE MOJA, MAJESHI MATATU

Mnamo tarehe 26 Oktoba 2001 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliichagua kampuni ya Lockheed Martin kuunda ndege hii, baada ya kuishinda kampuni ya Boeing. Shabaha ilikuwa kubwa. Ndege moja ichukue nafasi ya F-16 na A-10 za jeshi la anga, Harrier za kikosi cha Marine, na F/A-18 za jeshi la wanamaji. Kwa ajili hiyo zikapangwa aina tatu: F-35A ya kutumia viwanja vya kawaida; F-35B iwezayo kuruka kwa masafa mafupi na kutua wima kama helikopta; na F-35C yenye mabawa mapana zaidi, ya kutua juu ya manowari. Ilitumainiwa kwamba aina hizo tatu zikishirikiana vipuri, gharama itashuka. Hesabu ya mwanzo ilikuwa ndege 2,866 kwa dola bilioni 233. Kufikia mwaka 2012 idadi ilikuwa imepungua hadi 2,457, na gharama imepanda hadi karibu dola bilioni 396.

Sababu moja kubwa ilikuwa ile tamaa ya kuwaridhisha wote. Ndege ya kutua wima yahitaji feni kubwa nyuma ya kiti cha rubani, na feni hiyo yadai nafasi na kuongeza uzito. Basi hata zile aina mbili zisizokuwa na feni zililazimika kufuata umbo la mwenzao. Ilipofika mwaka 2004 ilidhihirika kwamba F-35B ilikuwa nzito mno, na wahandisi wakalazimika kuipunguza zaidi ya tani moja, sehemu moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ilikula muda na fedha, na kila aina ikazidi kwenda njia yake, hata vipuri vya kushirikiana vikawa vichache kuliko ilivyotarajiwa. Wahenga walisema kweli: mtaka yote hukosa yote.

Kosa hili si geni. Katika miaka ya 1960 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Robert McNamara, aliamuru jeshi la anga na jeshi la wanamaji yatumie ndege moja, F-111. Aina ya wanamaji ilikuwa nzito mno kwa manowari, ikafutwa mwaka 1968. Mwezi Machi mwaka huo huo F-111 sita za jeshi la anga zilipelekwa kwenye vita vya Vietnam, na katika muda wa mwezi mmoja hivi tatu zilipotea. Wengi waliihesabu kuwa imekwisha. Lakini baada ya kurekebishwa ilirudi vitani mwaka 1972, ikawa inaingia peke yake usiku, chini chini, katika hali ya hewa iliyowazuia wengine. Australia iliendelea kuitumia mpaka mwaka 2010. Kwa hiyo maradhi ya utotoni si hukumu ya kifo, ingawa muuguzaji hulipa gharama yake.

KUJENGA KABLA YA KUPIMA

Kosa la pili lilikuwa haraka. F-35 ya kwanza iliruka Desemba 2006, na mwaka uliofuata mikataba ya kuziunda kwa ajili ya majeshi ikaanza kutiwa saini, hali majaribio yalikuwa hayajafika mbali. Matokeo yake ni kwamba kila kasoro iliyogunduliwa angani ilikuwa imekwisha kutiwa katika ndege nyingine kiwandani, na ndege hizo zikabidi zifunguliwe upya. Mwaka 2010 Waziri wa Ulinzi Robert Gates alimwondoa jenerali aliyeusimamia mradi. Mwaka 2012 Frank Kendall, aliyesimamia ununuzi wa silaha katika wizara hiyo hiyo, alikiri hadharani kwamba kuanza kuziunda kabla ya majaribio kulikuwa kosa kubwa la kikazi.

Tarehe 23 Juni 2014 ndege moja ilishika moto katika kituo cha Eglin, jimbo la Florida, ilipokuwa ikijiandaa kuruka. Rubani alitoka salama. Uchunguzi ulionyesha kwamba mapanga ya injini yalikuwa yakisuguana na sehemu iliyoyazunguka kupita kiasi kilichokusudiwa. F-35 zote zikazuiwa kuruka kwa muda. Kisha ikaja taabu ya kompyuta. Ndege hii huongozwa na programu zenye mistari zaidi ya milioni nane ya maagizo. Kuanzia Julai 2023 hadi Julai 2024 serikali ya Marekani ilikataa kupokea ndege mpya zilizowekewa kompyuta za kisasa zaidi, kwa kuwa programu zake zilikuwa hazijakamilika. Ndege zilitoka kiwandani zikaegeshwa. Kibali rasmi cha kuziunda kwa wingi kilitolewa Machi 2024, wakati ambapo ndege zipatazo elfu moja zilikuwa zimekwisha kuundwa!

Tusidhani kwamba maradhi haya ni ya Wamarekani peke yao. Su-57 ya Urusi iliruka mara ya kwanza Januari 2010, lakini ile ya kwanza kuundwa kwa ajili ya jeshi ilianguka Desemba 2019 kabla ya kukabidhiwa. J-20 ya China, iliyoruka mara ya kwanza Januari 2011, ilianza maisha yake kwa injini za Kirusi, kwa kuwa injini ya kwao ilikuwa bado kukomaa.

SIFA ZAKE

Baada ya kuyasema hayo, haki yadai tuzitaje na sifa. Umbo la F-35 na rangi maalumu iliyopakwa huifanya isionekane kwa urahisi katika rada. Vyombo vyake vya kuona na kusikia hukusanya habari kutoka pande zote, kompyuta ikazichambua na kumpa rubani picha moja ndani ya kofia yake. Habari hizo aweza kuwapelekea wenzake wa angani, baharini na nchi kavu.

Mwezi Januari 2015 F-35 ilipambanishwa na F-16 katika zoezi la kukimbizana kwa karibu, na taarifa ya rubani, iliyovuja baadaye mwaka huo, ilieleza kwamba ndege mpya ilizidiwa katika kupinda na kugeuka. Wapinzani wakashangilia. Watetezi wakajibu kwamba ndege ile ya majaribio haikuwa na programu zake zote, na kwamba F-35 haikuundwa kwa mieleka bali kwa kumwona adui kabla hajakuona. Sisi twaona kila upande una sehemu ya haki. Askari wa doria ajua kwamba anayemwona mwenzake kwanza gizani huwa amekwisha kushinda nusu ya vita. Lakini ajua pia kwamba kuna siku watu hukutana uso kwa uso penye kona.

Vita vyenyewe vimetoa ushahidi. Mwezi Mei 2018 Israel ilitangaza kwamba imekuwa ya kwanza kuitumia F-35 vitani, na Juni 2025 iliitumia katika mashambulizi yake dhidi ya Iran, nchi yenye rada na makombora ya kutungulia ndege. Kwa upande mwingine, Septemba 2025 F-35 za Uholanzi zilitumiwa kutungua ndege zisizo na rubani za Urusi zilizoingia katika anga ya Poland. Kazi ilifanyika, lakini kumfuata mdudu wa bei rahisi kwa chombo cha mamilioni ya dola ni hesabu isiyoweza kuendelea kwa muda mrefu.

ILIYO CHINI NI CHUMA TU

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Mwezi Septemba 2023 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilieleza kwamba, kufikia Machi mwaka huo, ni asilimia 55 tu ya F-35 za Marekani zilizokuwa tayari kwa kazi. Sababu zilizotolewa hazikuwa adui wala rada zake. Zilikuwa ni uhaba wa vipuri, karakana kuchelewa kuwa tayari, mafundi kutofunzwa vya kutosha, na jeshi kutokuwa na michoro na maelezo ya kiufundi yaliyobaki mikononi mwa makampuni. Ofisi hiyo hiyo ilikadiria mwaka 2024 kwamba kuzitunza ndege hizi maisha yake yote kutagharimu dola zaidi ya trilioni 1.5, mbali na bei ya kuzinunua. Shoka lisilo mpini halichanji kuni.

Vipuri vyenyewe navyo ni siasa. Uturuki ilikuwa mshirika wa mradi huu. Viwanda vyake viliunda baadhi ya sehemu, na marubani wake walikuwa wakifunzwa Marekani. Iliponunua makombora ya Kirusi ya S-400 iliondolewa katika mradi, Julai 2019. Anayekuuzia ndege na kubaki na vipuri ameshika hatamu.

Tena kuna lile jambo dogo liangushalo kubwa. Tarehe 17 Novemba 2021 F-35B ya Uingereza ilikuwa ikiondoka katika manowari HMS Queen Elizabeth, katika Bahari ya Kati. Haikupata nguvu za kutosha, ikatumbukia majini. Rubani akaokoka kwa kiti cha kurukia. Wachunguzi waligundua kwamba kifuniko cha mdomo wa injini, kile kinachowekwa ndege inapolala, kilikuwa kimesahauliwa ndani. Uwezo wote ule wa kukwepa rada ulishindwa na kifuniko!

Sisi wa Afrika Mashariki tusilisome somo hili kama hadithi ya ng'ambo. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai 1976 ndege za MiG ziliteketezwa na makomando wa Israel zikiwa zimeegeshwa Entebbe. Kasi yao haikuwafaa waliozimiliki, kwa kuwa zilikuwa chini. Mwaka 2011 Uganda ilithibitisha kununua ndege sita za Su-30MK2 za Kirusi, kwa dola zipatazo milioni 740 pamoja na silaha zake. Nchi yoyote inayoingia gharama ya namna hiyo hujikuta mbele ya maswali yale yale ya Washington na London: vipuri vyatoka wapi, mafundi wangapi wamefunzwa, na lindo la usiku likoje?

Kwa hiyo, ndugu askari, anayesema F-35 ni takataka amekosa, na anayesema ni muujiza amekosa vilevile. Ni ndege yenye uwezo mkubwa, iliyodaiwa kazi nyingi mno na kuharakishwa kabla ya kukomaa, na sasa inawadai wenye nayo mafundi na vipuri kuliko walivyojiwekea. Atakapokuja mtu kuisifia ndege mpya, iwe ya Magharibi au ya Mashariki, tusianze kwa kumwuliza yaenda kasi gani. Tumwulize: zikinunuliwa kumi, ngapi zitaruka kesho asubuhi? Na jibu la swali hilo halimo mikononi mwa rubani peke yake. Limo pia mikononi mwa fundi mwenye bisibisi, karani wa ghala la vipuri, na askari yule wa lindo anayehakikisha kwamba asubuhi ndege itakutwa ilipoachwa, nzima, na vifuniko vyake vimehesabiwa.