Nilipewa elfu nane nisifie tangi la vepu, nimezirudisha

Wasee, wengi mmekuwa mkiniuliza ile video ya tangi la vepu iko wapi. Haiko. Niliirekodi, nikaihariri usiku mzima, halafu nikaifuta. Mwenye duka alikuwa amenipa tangi lenyewe, chupa mbili za juisi na elfu nane, na mi nilitakiwa kusema kitu moja tu: linaokoa pesa. Elfu nane nimemrudishia. Tangi alikataa kulichukua kwa sababu nishalivutia, so liko hapa mezani na naweza kuliongelea bila kulipwa na mtu.

Manze, kwanza ukweli usemwe: ni chuma imetengenezwa poa. Hii si ile vepu ya kutupa ikiisha. Hii unajijengea. Ukifungua, ndani kuna kitako chenye nguzo mbili na skrubu. Unasokota waya kwa bisibisi ndogo, mizunguko sita hivi, unaubana kwa nguzo, unapitisha pamba katikati ya koili, unajaza juisi kwa kioo. Koili ikiungua unabadilisha waya na pamba kwa bei ya chai na mandazi. Hewa unairekebisha kwa kidole. Ladha ni safi, hapo siwezi danganya. Mara ya kwanza lilinivujia mfukoni, lakini hiyo ni makosa yangu, pamba ilikuwa kidogo. Mara ya pili nikaweka nyingi sana, juisi ikakosa njia, nikavuta pamba ikiungua. Koo lilishika moto. Na si koo tu: juisi ikiunguzwa hivyo hutoa formaldehidi, ile ile iliyo kwa dawa ya kuhifadhia maiti.

Halafu kuna ile sehemu hakuna mtu huonyesha kwa video. Mi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na kwa uhandisi wa umeme wote huo nilitoka na kanuni ya Ohm na deni. Wacha niitumie basi. Koili za mawingu makubwa huwa kama omu 0.2. Betri ikijaa ni volti 4.2. Gawanya. Ni ampea 21! Betri ya 18650 iliyotolewa kwa tochi haikuundwa kwa kazi hiyo. Yule mwenye duka alinipa moja imeandikwa mAh 9,900. Hakuna 18650 ya kweli hufika hata 5,000. Nikamuuliza hiyo namba imetoka wapi, akacheka: "Bosi, zote huandikwa hivyo." Sasa weka hiyo betri kwa kifaa cha bei rahisi kisichopima koili uliyosokota, halafu kiweke kwa mfuko wa suruali, karibu na vitu unazopenda. Mi sitaki kuwa yule msee alikuonyesha.

Na hiyo stori ya kuokoa pesa? Tangi ni 4,500. Bado hujanunua kifaa, betri za maana, chaja, kipimo cha omu, waya, pamba, juisi. Nilifika elfu kumi na nne nikaweka kalamu chini. Binamu yangu wa Rongai huvuta paketi ya fegi kila siku tangu amalize Form Four. Kwake hesabu inaingia, baada ya miezi kadhaa pesa imerudi, na akiacha fegi kabisa, moshi wa tumbaku na lami yake anaachana nao. Huyo nitamsokotea koili mwenyewe. Lakini wewe hujawahi hata shika fegi, unaokoa pesa gani?

Mi pia sikuwa mvutaji. Nilijaribu tangi siku kumi na moja, ati kazi. Juisi ilikuwa na miligramu 6 za nikotini kwa kila mililita, na hiyo namba inakaa kama mchezo. Lakini tangi ni la mililita 4, so kila nikijaza ni miligramu 24, na kufikia wikendi nilikuwa najaza mara mbili kwa siku. Siku ya kumi na mbili nikaliacha keja, nikaenda tao kurekodi. Kufika saa tano kichwa kinapasuka na nishagombana na mpiga picha wangu juu ya kifuniko cha lenzi. Kifuniko! Niliporudi sikuvua hata viatu.

Usiku huo ndio nilikuwa namalizia video. Ndogo yangu, wa sekondari, alikuwa amekaa kitandani akiangalia mawingu yangu kwa skrini. Hakuniuliza kama ni mbaya. Aliuliza, "Bro, hiyo ya embe ni ngapi?" Na najua akienda kwa lile duka atauziwa, kwa sababu mimi mwenyewe, na hii sura yangu ya mtoto, hakuna aliyeniuliza umri. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia tumbaku mtu wa chini ya miaka 18. Kwa hilo duka sikuona hata karatasi ukutani.

Kama chuma, tangi nalipa nane kwa kumi. Kama kitu cha kukuuzia wewe, sina alama.

Leo ni siku ya tisa sijalijaza. Usingizi umerudi, hasira bado kidogo, mpiga picha nilimnunulia lanchi. Waya nimeutoa, kioo nimeosha na maji moto. Binamu anakuja kulichukua Jumapili, na nimemwambia aje mapema.