UCHAMBUZI: Ubora wa vihami vya kioo uhakikishwe kabla ya kununuliwa

Mnamo Januari 11, 2022, taifa la Kenya lilitumbukia gizani baada ya nguzo za laini kuu ya umeme kati ya Kiambere na Embakasi kuporomoka. Mjadala uliofuata ulihusu uharibifu wa nguzo, na serikali ikapiga marufuku kwa muda biashara ya vyuma vikuukuu. Hata hivyo, tukio hilo lilidhihirisha jambo pana zaidi: hitilafu ya mahali pamoja yaweza kuwaathiri mamilioni ya watu.

Miongoni mwa vifaa ambavyo ni nadra kutajwa katika mijadala hiyo ni vihami, yaani visahani vinavyoning'inia kwenye nguzo, vikibeba nyaya na kuzuia umeme usipenye hadi kwenye chuma. Baadhi hutengenezwa kwa kauri na vingine kwa kioo kilichokomazwa.

Kioo hicho kikishafinyangwa kingali moto, hupulizwa hewa baridi kwa ghafla. Sehemu ya nje huganda kwanza. Ya ndani inapopoa baadaye, hunywea na kuivuta ile ya nje, ambayo hubanwa na kuwa ngumu. Lakini ufa ukipenya hadi ndani, kisahani chote husambaratika kuwa vipande vidogo.

Hapo ndipo penye faida yake. Kauri yaweza kuficha ufa kwa miaka mingi, ilhali kioo hakifichi. Mkaguzi aliye chini huliona pengo waziwazi, na kisiki kinachosalia kati ya vyuma huendelea kuubeba waya hadi mafundi wafike.

Hatari ni chembe ya uchafu, kama vile salfidi ya nikeli au kipande cha tofali la tanuri, iliyonaswa ndani ya kioo. Kihami cha aina hiyo chaweza kupasuka chenyewe miaka kadhaa baada ya kufungwa. Ndiyo maana viwanda makini hupitisha visahani kwenye joto kali kisha baridi, kusudi vyenye dosari vipasukie kiwandani. Aidha, kiwango cha kimataifa cha IEC 60383 hudai kila kihami kivutwe kwa angalau nusu ya uzito kilichoundiwa kuhimili, na vichache viteuliwe na kuvutwa hadi vivunjike.

Majaribio hayo yana gharama. Anayeyakwepa aweza kuuza kwa bei nafuu, na bidhaa yake isitofautike kwa macho na ile bora. Zabuni inayotazama bei pekee humfaidi yeye, huku gharama ya kuzima laini na kuwapandisha mafundi nguzoni ikibaki kwa mnunuzi, na hatimaye kwa mwananchi anayelipa bili.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kioo hiki, ufa hauzibiki. Mashirika ya umeme hayana budi kudai katika mikataba yao kwamba wakaguzi wao washuhudie majaribio kiwandani, kabla ya shehena kupakiwa melini.