Mnacheka PhD ya Falsafa kwa Sababu Mbaya

Wiki iliyopita niliposti picha ya dada yangu akiwa na joho la mahafali. Nikaandika tu: "Miaka saba. Daktari wa falsafa." Komenti ya kwanza: "Atakula falsafa?" Ya pili: "Ako na dawa ya tumbo?" Ya tatu ilikuwa emoji za kucheka kumi na moja. Nilihesabu.

Sawa, hata mimi nilicheka. Hiyo ya dawa ya tumbo ilikuwa poa. Lakini wasee, mnacheka upande usiofaa. Kuna kitu cha kukasirisha kabisa kuhusu PhD ya falsafa hapa kwetu, na hakuna hata mmoja wenu aliyekigusa.

Hiyo ya chakula tuimalize haraka. Rais wetu ana PhD ya ikolojia ya mimea, aliipata Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2018, na sijaona mtu akimuuliza kama anakula majani. Mnajua wenyewe watu wa digrii za uhandisi wanaoendesha boda. Kazi zimekosa kila mtu, kwa hivyo msimbebeshe mwanafalsafa peke yake mzigo wa uchumi mzima. Dada yangu anafundisha vipindi vya hapa na pale, analipwa kwa kuchelewa, anakula. Tuendelee.

Tasnifu yake inahusu deni. Yaani, ukimwambia mtu "nitakulipa kesho," ni nini hasa umempa? Na kesho ikifika hujalipa, ni nini kimevunjika? Swali la kawaida, hata wewe unalijua ukifunga mwezi. Badala ya kukaa maktaba tu, dada alienda kwa mama mboga wa mtaa wetu, yule ana kitabu cha madeni chenye jalada la bluu, akamhoji miezi kadhaa. Mimi ndiye nilikuwa nashika simu ya kurekodi, malipo yangu yalikuwa parachichi.

Siku moja dada akamuuliza, mtu akikukopa na asilipe, umepoteza nini? Yule mathe hata hakuacha kukatakata sukuma. Akasema: "Msichana wangu, mtu akinikopa na asipite huku wiki mbili, mimi sioni pesa imepotea. Naona mtu amepotea. Sasa nikimdai kwa kelele, si atapotea zaidi? Kwa hivyo namsalimia kwanza."

Dada akambana. Na akifa kabla hajalipa?

"Huyo hajapotea. Huyo najua mahali ako."

Tulia hapo kidogo. Sisi tukikutana na mtu ambaye hatujamwona siku nyingi tunamwambia "umepotea!" Ni salamu, na ni lawama pia, na ni kama kumwambia kuna mahali ulipaswa kuwa na hukuwa. Yule mathe alijenga hoja nzima juu ya kitenzi kimoja. Sasa jaribu kukipeleka kwa Kiingereza. Dada alijaribu. Ilimchukua karibu kurasa tatu za maelezo kuhusu neno moja, na msimamizi wake akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba hoja haieleweki. Kwa Kiingereza kweli haikueleweka! Lakini mimi niliyeacha shule ya falsafa kabla haijaanza niliielewa nikiwa nimeshika simu.

Basi hiki ndicho kinachofaa kuwaudhi. Chuo kinamtuma mwanafunzi aende achukue fikra za watu kwa Kiswahili, kisha kinamlazimisha azifungie kwa lugha ambayo wenye fikra hawataweza kuisoma wala kuibishia. Halafu mnashangaa kwa nini falsafa inaonekana haina kazi. Ingeonekanaje, na imefungiwa kabatini?

Na hii si stori ya dada yangu pekee. Henry Odera Oruka, huyo ndiye jina kubwa la falsafa Kenya, alisomea Uppsala kule Uswidi, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikataa ile dharau kwamba Mwafrika wa kijijini anarudia tu mila bila kufikiri. Akaenda kuongea na wazee kama Paul Mbuya Akoko, hata na baba yake mwenyewe, akitafuta wale ambao hawaridhiki na "ndivyo tulivyoambiwa," wale wanaoweza kutoa sababu na kupinga mila zao wenyewe. Mnaouliza falsafa ni ya nini, mwaka 1987 kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno ilipovuma nchi nzima, Odera Oruka aliitwa mahakamani kutoa ushahidi. Mwanafalsafa kizimbani, nchi ikibishana mtu azikwe wapi na nani ana haki ya kuamua. Namheshimu sana. Lakini kitabu chake cha 1990 kuhusu wale wenye hekima kilitoka kwa Kiingereza. Mazungumzo yalifanywa na wazee, kitabu kikaandikiwa maprofesa.

Najua mtakachosema. "Kiswahili hakina maneno ya falsafa." Hii huwa inasemwa na watu ambao hawajawahi kuyatafuta. Euphrase Kezilahabi wa Tanzania aliandika PhD yake Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwaka 1985, kuhusu falsafa ya Kiafrika, kwa Kiingereza. Aliporudi na kutaka kuuliza maswali hayohayo mazito, ukweli ni nini, maisha yana maana gani, aliandika Nagona na Mzingile. Kwa Kiswahili. Ni riwaya fupi na zitakupasua kichwa, nakuahidi, lakini maneno hayakumwishia.

Na kabla ya kuniambia eti Wazungu ndio wenye lugha ya falsafa, muulizeni Immanuel Kant. Mwaka 1770 alipotakiwa kutetea tasnifu ili awe profesa, aliiandika kwa Kilatini, kwa sababu vyuo vilitaka Kilatini. Kitabu kilichomfanya awe Kant, kile cha 1781, alikiandika kwa Kijerumani, lugha ya watu wa kwao. Descartes naye mwaka 1637 alitoa kitabu chake kuhusu njia ya kufikiri kwa Kifaransa, akiwaacha wasomi wa Kilatini wakikunja uso. Kila mmoja wao angeambiwa lugha yake haina istilahi. Istilahi zinatengenezwa na wanaozitumia, hazishuki kama mvua.

Kuna pingamizi moja ambalo nakubali lina uzito. Dada yangu anahitaji kazi. Tasnifu ya Kiswahili haitasomwa na kamati ya ajira Toronto, na hata hapa chuo chake kilimdai makala mbili kwenye majarida ya kitaaluma kabla ya kumruhusu amalize, na majarida hayo karibu yote ni ya Kiingereza. Siwezi kumwambia ajichome ili mimi nipate cha kuposti. Lakini mbona anayeandika kuhusu riwaya anaweza kupata PhD kwa Kiswahili kwenye idara za Kiswahili hapahapa Kenya, na anga haijaanguka? Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ukivuka ukumbi kuingia idara ya falsafa, katiba inabaki mlangoni?

Na msiniambie mambo magumu hayatafsiriki. Juni 2024 watu wa rika letu walikaa na Mswada wa Fedha, maandishi makavu kuliko tasnifu yoyote, wakaufafanua kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama, video baada ya video. Watu walielewa. Hakuna aliyewaomba istilahi.

Sasa niwaambie kilichotokea baada ya mahafali, ndiyo sababu naandika haya nikiwa na hasira.

Dada alienda kumsalimia yule mathe. Mathe akamtazama, akasema: "Daktari! Umepotea." Akaendelea: "Ulichukua maneno yangu, sijaona umerudisha." Dada aliona aibu sana, kwa sababu hapo alikuwa amepigwa na sura yake mwenyewe ya tatu. Basi Jumamosi iliyofuata tukaenda na tasnifu kibandani. Yeye anasoma Kiingereza kimoyomoyo, anakitoa kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Wateja wengine wakasimama kusikiliza.

Tukafika kwa deni la marehemu. Dada alikuwa ameandika kwamba kwa huyu mama, kifo kinafuta deni, ni msamaha. Hitimisho la sura nzima limesimama hapo.

"Rudia hapo," mathe akasema. Dada akarudia.

"Hapo sikusema hivyo. Nilisema najua mahali ako. Sikusema nimemsamehe. Baada ya mazishi nilienda kwa kijana wake mkubwa nikamwambia, na alilipa. Mia tatu na arobaini. Iko kwa kitabu." Akakifungua kile cha bluu akatuonyesha.

Msimamizi alisoma ile sura. Watahini waliisoma. Kamati ikampongeza. Mtu pekee aliyejua ina kosa hakuweza kuisoma, na nakala yenye jalada gumu tayari iko maktaba.

Kwa hivyo idara za falsafa, ruhusuni tasnifu za Kiswahili. Na kama hilo linawatisha, basi anayekwenda kuhoji watu alazimike kurudi kuwasomea alichoandika kwa lugha waliyoongea naye, kabla ya kutetea, na majibu yao yaingie ndani. Haigharimu hata bajeti ya chai ya kikao kimoja. Na wewe wa dawa ya tumbo, siku nyingine uliza aliandikia nani.

Dada ameanza kuandika sura ya tatu upya, safari hii kwa Kiswahili, bila chuo kumwomba. Jumamosi hii tunasoma ya nne, saa kumi jioni, palepale kibandani. Kama unakaa mtaani kwetu, njoo. Hata kama jina lako liko kwa kile kitabu cha bluu, njoo tu, utasalimiwa kwanza.