Uza Mafuta, Nunua Dizeli: Kwa Nini Niliifuta Ile Video

Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza ile video ya kutengeneza dizeli nyumbani ilienda wapi. Hakuna mtu aliiripoti. Niliifuta mwenyewe, na leo nawaambia sababu, juu kuifuta kimyakimya halafu niendelee kupost kama kawaida ni kuwabeba ufala.

Kwa wale hamkuiona, stori ni hii. Binamu yangu ana kisiagi huko kwetu Makueni. Injini ni ya dizeli, ile ya kuwashwa kwa kuzungushwa na mkono, na inasaga mahindi ya kijiji karibu kizima. Mwaka wa 2023 mafuta yalipopanda, jamaa aliumia. Oktoba mwaka huo dizeli Nairobi ilikuwa shilingi 205.47 kwa lita, na ushago huwa inaongezeka kidogo. Sasa akaja na fomu: tupande alizeti kwa shamba la susu, tukamue mafuta, tuyageuze dizeli, kisiagi kijilishe chenyewe. Nikafunga safari na simu yangu. Kabla hata ya kupanda chochote, tulinunua lita chache za mafuta ya alizeti tujaribu. Injini ikawaka, nikarekodi, nikaweka muziki juu, video ikaenda mbali kuliko kitu chochote nimewahi kupost.

Kuna vitu vitatu sikuwaonyesha. Hivyo ndivyo nataka tuongelee.

Cha kwanza ni chupa.

Mafuta ya mimea yanaweza kuendesha injini ya dizeli, hiyo si uongo. Kwenye maonyesho ya Paris ya 1900, injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya njugu. Shida ni kwamba mafuta ya mimea ni mazito. Ukiyamimina vile yalivyo, injini itanguruma leo, lakini baada ya muda nozeli zinaziba na masizi yanajaa ndani. Ndiyo maana watu huyageuza kuwa biodizeli. Unachukua lita 100 za mafuta, unaweka karibu lita 20 za methanoli ambayo umeyeyusha kostiki soda ndani yake, unapasha joto kama digrii 55 hadi 60 huku ukikoroga. Ukiacha itulie, gliserini inashuka chini na biodizeli inabaki juu. Hiyo ya juu unaiosha na maji, unaikausha, ndio sasa unaweza kuitumia.

Kwa video inakaa kama kupika chai. Lakini hebu rudi kwa hilo neno: methanoli. Hii ndiyo sumu iliyowekwa kwenye pombe haramu ya Mei 2014, ile iliua makumi ya watu Embu, Kiambu, Kitui na huko kwetu Makueni. Wengine walipona wakiwa vipofu. Inakaa kama maji. Inachemka kwa digrii 64.7, yaani juu kidogo tu ya ule moto unaotumia kutengeneza biodizeli. Mvuke wake unashika moto haraka, na mchana ule moto wake hauonekani vizuri. Mtu anaweza kuwa anaungua na wewe unashangaa anarukaruka nini.

Sisi tulikuwa na methanoli ndani ya chupa ya soda. Juu ya meza. Kwa nyumba yenye watoto.

Nilikuwa natafuta engo poa ya kamera nikaona katoto ka binamu yangu, ka miaka sita, kameshika hiyo chupa kanajaribu kufungua kifuniko. Nilipiga nduru hadi susu akatoka nje. Hakuna kitu kilifanyika. Lakini mkono ulinitetemeka hadi jioni, na bado nilienda Nairobi nikaedit hiyo video nikaipost. Hiyo ndiyo sehemu inanisumbua. Niliona hatari na macho yangu, nikaikata juu iliharibu mdundo wa video.

Wiki tatu baadaye msee mmoja akaniandikia inboksi. Anakaa bedsita na mamake. Akaniuliza kama anaweza kutumia jiko la gesi na sufuria ya ugali. Hapo ndio niliifuta.

Kitu cha pili sikuwaonyesha ni sabuni.

Ile injini mliona ikiwaka ilikuwa jaribio la pili. La kwanza lilikuwa la mafuta yaliyotumika kukaanga mandazi, tuliyopewa bure na mama wa hoteli hapo sokoni. Yalikuwa na maji ndani, na mafuta yakikaangiwa mara nyingi huwa yanaongezeka asidi. Maji na asidi zikikutana na kostiki soda, hupati dizeli, unapata sabuni. Tulifungua mtungi tukakuta uji mweupe mzito, hauendi mbele wala nyuma. Susu aliposikia ni sabuni alikuja na beseni, anataka kufulia. Ilibidi tumzuie, tena kwa nguvu, juu hiyo sabuni ilikuwa bado na methanoli ndani. Tukabaki na mtungi wa sumu ambayo huwezi kumwaga kwa mtaro, huwezi kumwaga shambani, na hakuna gari la taka linapita hapo. Video yangu haikusema chochote kuhusu hiyo.

Cha tatu ndicho kikubwa: hesabu.

Wasee, tuhesabu pamoja. Alizeti ya mkulima mdogo, mbolea kidogo, mvua ya Ukambani, chukulia ni kilo 400 kwa ekari moja msimu ukiwa mzuri. Mashine ndogo ya kukamua inakutolea kama robo ya uzito huo. Hizo ni kilo 100, ambazo ni kama lita 110 za mafuta. Injini ya kisiagi kama cha binamu inakunywa karibu lita 2 kwa saa. Kwa hivyo ekari nzima, umelima, umepalilia, umefukuza ndege, umevuna, umepura, umekamua, inakupa saa 55 za kusaga. Ukisaga saa tano na nusu kwa siku, hizo ni siku 10.

Msimu mzima kwa siku 10. Na bado hujanunua methanoli, ambayo hapo utahitaji kama lita 22.

Sasa igeuze. Chukulia unauza hayo mafuta kama ya kupikia, hapo hapo kijijini, kwa shilingi 250 lita, ambayo ni chini ya bei ya kopo la dukani. Lita 110 zinakupa 27,500. Chukulia dizeli ni 175. Hizo pesa zinanunua lita 157. Yaani ukiuza mafuta ukanunua dizeli, unapata dizeli nyingi kuliko ile ungetengeneza. Bila methanoli, bila sabuni, bila mtoto kushika chupa. Na mashudu unabaki nayo vilevile, ng'ombe na kuku watakushukuru.

Nilipomfanyia susu hii hesabu kwa karatasi, hakushangaa hata kidogo. Aliangalia tu akasema, "Mjukuu wangu, mafuta yanalika. Dizeli hailiki. Mlihitaji karatasi kwa hiyo?"

Susu ana haki ya kuongea hivyo, juu yeye alishachezwa. Kwenye ile miaka ya jatrofa, kama 2007 hivi, walikuja watu na gari wakaita mkutano chini ya mti. Wakasema kuna mmea unakua kwa ukame, haulwi na mbuzi, mbegu zake zina mafuta ya dizeli, na soko lipo. Wapwani na Watanzania wanaujua huo mmea, wanauita mbono kaburi. Jina lingetosha kuwa onyo. Susu alitoa sehemu aliyokuwa anapanda ndengu, akanunua miche kwa hao hao watu. Miaka miwili baadaye alikuwa na debe moja la mbegu na hakuna mnunuzi. Namba ya simu haikushika tena.

Na haikuwa yeye peke yake. Mwishoni mwa 2009 watafiti, wakiwemo wa KEFRI na kituo cha kimataifa cha kilimo-misitu kilichoko Nairobi, walitoa ripoti baada ya kuzunguka mashamba ya wakulima wa jatrofa humu nchini. Walikuta mavuno madogo sana na wakulima wakipata hasara. Ushauri wao ulikuwa wazi: mkulima mdogo asiipande kama zao la biashara, labda kama ua tu. Hadi leo kwa susu imebaki hivyo, ua wa boma. Kila nikipita hapo nakumbuka kwamba video yangu ilikuwa lile gari, na mimi ndiye nilisimama chini ya mti.

Najua mtaniambia, "Lakini si Eni wako Makueni?" Ni kweli. Hiyo kampuni ya Italia ilifungua kituo cha kukamua mbegu Makueni mwaka wa 2022, wanatumia mbegu zisizoliwa kama mbarika. Lakini angalia vizuri wanachofanya. Hapa wanakamua tu. Mafuta yanapandishwa meli hadi kiwanda chao cha Gela, huko Sicily, na huko ndio yanageuzwa kuwa mafuta ya injini, kwa mitambo mikubwa inayotumia haidrojeni. Hiyo ni dunia tofauti kabisa na pipa la binamu yangu. Kampuni kubwa kufanya kitu si ushahidi kwamba mimi na wewe tunaweza kukifanya nyuma ya nyumba tukaomoka.

Na mtaniambia pia, "Buda, na mazingira je? Tuendelee kuchoma mafuta ya Waarabu?" Hili swali naliheshimu, ndilo lilinivuta kwa hii stori mwanzoni. Lakini fikiria. Kenya inaagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kupikia kutoka nje, hasa mawese ya Malaysia na Indonesia. Ukichukua alizeti ya Makueni ukaichoma kwa injini, yule mama aliyekuwa aipikie atanunua mawese yaliyokuja na meli. Na hiyo methanoli uliyotumia, nyingi inayouzwa duniani inatengenezwa kutoka kwa gesi ya ardhini. Umezunguka mlima ukarudi pale pale, tena na kiu.

Sisemi ati biodizeli ni upuzi. Nasema alizeti ya shamba dogo, mahali watu wananunua mafuta ya kupikia kwa kipimo cha shilingi 20, si mahali pa kuianzia. Kama unaipenda sana hii kitu, anza na kile hakuna mtu anaweza kula. Mafuta ya hoteli na vibanda vya chipsi yaliyochoka kabisa, ambayo sai mengine yanamwagwa kwa mtaro na mengine, tuseme ukweli, yanauzwa tena kwa watu wa kukaanga. Kuyatoa kwa sahani zetu peke yake ni kazi ya maana. Au mbegu za ule mti Wakikuyu wanauita mukinduri na Waluhya musine, zile zinaanguka zenyewe na kuoza barabarani. Zina mafuta karibu theluthi moja ya uzito wake, na mti hauhitaji kung'oa ndengu za mtu ili upandwe.

Lakini hata hizo, zifanyiwe karakana, si jikoni. Mahali pana hewa, pamefungwa na kufuli, kuna mtu alisomea kemia, asidi inapimwa kabla ya kuchanganya, methanoli iko kwa mtungi wake wa chuma wenye alama ya sumu, na kuna mpango wa ile gliserini na maji machafu. Vyuo vya ufundi vina maabara na vijana wanatafuta mradi. Huko ndiko ningetaka kuona hii kitu. Na ukiiweka kwa injini kuukuu, ujue biodizeli inalainisha mipira ya zamani na inang'oa uchafu wa tangi hadi filta inaziba. Changanya kidogo kidogo na dizeli ya kawaida, na ubebe filta ya pili.

Binamu yangu sai amepanda alizeti nusu ekari, ile nusu ingine akaacha ndengu kama susu alivyotaka. Anakamulisha sokoni, anauzia majirani mafuta wakija kusaga. Unakuja na mahindi, unaondoka na unga na mafuta ya kuupikia mboga. Dizeli ananunua petroli stesheni kama watu wengine. Bado analalamika bei, na ana haki. Hajaomoka. Msimu uliopita mvua ilikatika mapema na alipata kidogo. Lakini hakuna mtu amemdanganya, na hakuna chupa juu ya meza.

Yule msee wa bedsita nilimjibu. Nilimwambia asijaribu, nikamwambia kuhusu katoto na chupa. Akanyamaza siku mbili, halafu akaandika: "Sawa bro, lakini mbona hukusema hivyo kwa video?"

Sikuwa na jibu. Hii post ndiyo jibu langu, na najua imechelewa. Siku ingine mkiniona nimesimama mbele ya kamera nikiwaambia kuna kitu rahisi cha kutengeneza pesa shambani, msinipe like. Niulizeni hesabu iko wapi.