Jambia na Faru wa Nanyuki



Karibu na mji wa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, pana hifadhi iitwayo Ol Pejeta. Humo wanaishi faru wawili, Najin na bintiye Fatu, chini ya ulinzi wa usiku na mchana. Hao ndio faru weupe wa kaskazini pekee wajulikanao kubakia duniani. Sudan, baba yake Najin na dume la mwisho la jamii hiyo, alikufa hapo hapo tarehe 19 Machi 2018.

Huenda msomaji wa Lamu au Mombasa akauliza: faru wa bara wanatuhusu nini sisi watu wa pwani? Wanatuhusu, kwa kuwa pembe yao imepita mikononi mwetu. Yapata miaka 2000 iliyopita, mfanyabiashara wa Kiyunani aliitaja miongoni mwa bidhaa za mwambao huu. Majahazi yakaendelea kuibeba karne baada ya karne.

Jambia lenye mpini wa pembe ya faru lilikuwa fahari ya wakubwa wachache wa Yemen. Katika miaka ya 1970, Wayemeni wengi walipata kazi na fedha huko Saudia, na kila mwenye uwezo akalitamani. Asia ya Mashariki nako pembe ilitakiwa kwa dawa. Hapa Kenya, faru weusi waliokadiriwa kuwa 20,000 mwaka 1970 hawakufika 400 miaka ishirini baadaye.

Aliyelivaa jambia lile siku ya harusi hakujiona muuaji. Hakushika bunduki, wala hakupata kuiona nyika ya Kenya. Lakini bei aliyoilipa ndiyo iliyomtuma jangili porini. Ndiyo maana mwaka 1992 Mufti wa Yemen alitoa fatwa kwamba kumuua faru ni kinyume cha matakwa ya Mwenyezi Mungu, na mafundi wengi wakageukia pembe za nyati wa kufugwa.

Leo Ol Pejeta inalinda faru weusi zaidi ya 100. Ama kwa Najin na Fatu, walinzi peke yao hawatoshi, kwani wote wawili hawawezi kubeba mimba. Tangu 2019 wataalamu huchukua mayai ya Fatu na kuyarutubisha kwa mbegu za madume waliokwisha kufa, wakitaraji faru jike wa jamii ya kusini abebe mimba hiyo. Angalieni taabu ya kukirudisha kilichopotezwa kwa ajili ya pambo!

Basi tusingoje hadi wabakie wawili. Katika orodha ile ile ya Myunani limo gamba la kasa, na kasa wangali wakipanda fukwe zetu kutaga. Atakapopita mtu mlangoni akiuza nyama, mafuta au gamba la kasa, mwenye nyumba asijidanganye kuwa ameshachinjwa na mwingine. Anunuapo leo, ameagiza wa kesho.